Kaskazi imeingia: tuambizane ukweli wa bahari

Hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa manahodha, mabaharia, wanachama wa BMU na wafanyabiashara wa samaki, Watamu, mwanzoni mwa msimu wa kaskazi.

  

Nimeombwa nizungumzie hali ya bahari na samaki walioko msimu huu unapoanza. Kwanza nikiri jambo moja. Mimi si nahodha. Shahada yangu ni ya uandishi wa habari, na kila nikipanda mashua, tukivuka tu mlango wa mwamba, wa kwanza kutapika huwa ni mimi. Kwa hivyo haya nitakayoyasema nimeyachukua kwenu wenyewe: kwa manahodha wanaorudi jioni, kwa wavuvi wanaopima samaki bandarini asubuhi, na kwa wazee wanaotazama mawingu kabla ya kutazama simu. Kazi yangu ni kuyakusanya, kuyapanga na kuyarudisha kwenu yakiwa sawa. Mwishoni nitawaeleza kwa nini neno hilo, yakiwa sawa, linaninyima usingizi.

BAHARI ILIVYO SASA

Kusi imekwisha. Matlai imepita na utulivu wake, na sasa kaskazi imeanza kubisha hodi. Wazee wangu hapa mnajua maana yake kuliko mimi: asubuhi maji hulala, mchana upepo huamka, na alasiri bahari huwa imebadilika uso. Anayetoka saa kumi na mbili asubuhi na anayetoka saa nne hawaendi bahari moja. Kuanzia Desemba hadi Januari upepo huu huweza kuvuma kwa nguvu siku kadhaa mfululizo. Kuelekea Machi hulegea, na joto likazidi.

Maji nayo yanapata joto. Wakati wa kusi, mwezi wa Agosti, maji ya juu hapa kwetu hushuka hadi nyuzi 24 au 25. Kuelekea Machi na Aprili hupanda hadi 29 na zaidi. Sasa tuko katikati ya safari hiyo, na samaki wa maji ya buluu wanaifuata.

Chini ya upepo kuna mkondo. Mkondo wetu wa Afrika Mashariki huenda kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi huenda kwa kasi, wala hauna wa kuupinga. Lakini kaskazi ikishika, mkondo wa Somalia hugeuka na kuteremka kusini, na hii miwili hukutana katika maji ya kaskazini mwa Kenya. Mikondo ikikutana, maji ya chini yenye rutuba hupata njia ya kupanda. Penye rutuba kuna dagaa, penye dagaa kuna vibua, na penye vibua hufika wakubwa. Ndiyo maana mashua hutoka Watamu na Malindi kuelekea kwenye miinuko ya bahari ya kaskazini, ile inayoitwa North Kenya Bank.

Kuna jambo la tatu ambalo ni letu hasa: mto Sabaki. Mvua za vuli zikinyesha bara, mto huu humwaga maji mekundu ya udongo kaskazini mwa Malindi, na mpaka wa maji mekundu na maji ya buluu huonekana kwa macho. Manahodha wengi huutafuta mpaka huo, kwa sababu sulisuli hupenda kuwinda kandokando yake. Lakini mto uliojaa huleta pia magogo. Gogo ni baraka kwa anayemtafuta felusi, maana felusi hupenda kivuli cha kitu kinachoelea. Gogo hilohilo ni balaa kwa anayekwenda kasi alfajiri kabla jua halijatoka. Mvua zikinyesha, punguzeni mwendo.

SAMAKI WALIOKO

Jodari wa mapezi ya njano tuliowaona tangu Agosti bado wapo, ingawa makundi yao hupungua kadiri msimu unavyosonga. Mkiona ndege wamezama mahali pamoja, mnajua la kufanya. Nguru na kolekole wanapatikana karibu zaidi, kwenye kingo za miamba, na hao ndio wanaomfaa mwenye mashua ndogo. Felusi wako pale penye takataka za mto.

Mgeni mkubwa wa miezi hii ni sulisuli. Huanza kuingia kwa wingi mwezi wa Novemba, na Desemba na Januari ndiyo miezi yake. Baada yake, kuanzia Januari hadi Machi, tunatarajia marlini: mweusi, wa buluu na wa mistari. Na kwa wanaovua usiku katika maji marefu, yuko yule wa upanga bapa. Ni bahari chache duniani ambazo nahodha anaweza kuwapata jamaa hawa watano kwa kutoka bandari moja na kurudi bandari hiyohiyo. Mwaka 1934 mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway alivua hapa Malindi. Hadi leo wapo wageni wanaofika kwetu kwa sababu ya jina lake, lakini wanarudi mwaka wa pili kwa sababu ya samaki na kwa sababu ya ustadi wenu.

Hapa nina ombi la lugha. Sulisuli ana tanga mgongoni, huyo hamtatizi mtu. Lakini hawa wengine wenye mdomo mrefu, bandari moja huwaita wote nduaro, bandari nyingine huwaita wote sulisuli. Mtafiti akisoma daftari la bandari na kukuta "sulisuli sita", hajui ni wa tanga sita, au ni marlini wawili na wa tanga wanne. Jambo hili si dogo. Tathmini za Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi zimeonyesha kwamba marlini wa mistari amevuliwa kupita kiasi katika bahari hii nzima. Hatuwezi kusema huku kwetu yuko vipi ikiwa kwenye daftari amefichwa ndani ya jina la mwenzake. Tafadhali andikeni: wa tanga, mweusi, wa buluu, wa mistari, wa upanga. Maneno matano yanatosha.

"ULIIONA WEWE?"

Sasa nifikie lile lililonileta.

Miaka kadhaa iliyopita, kabla sijaajiriwa na kaunti, nilikuwa mwandishi mchanga katika kituo kimoja cha redio. Ulikuwa msimu kama huu. Jioni moja nahodha wa mashua kubwa ya wageni aliniambia wamepata siku nzuri sana: jodari, felusi, na sulisuli kadhaa waliowaachilia. Nikafurahi. Asubuhi iliyofuata nikasoma hewani kwa sauti ya bashasha: bahari ni shwari, samaki ni tele.

Sikusema kwamba habari ile ilikuwa ya jana. Sikusema kwamba mashua ile ilikuwa na injini mbili na ilikwenda mbali kuliko mashua nyingi zinavyoweza kwenda. Na nahodha alikuwa ameniambia pia kwamba wakati wa kurudi upepo ulikuwa unapanda. Hilo nililiacha kwa sababu liliharibu habari.

Ndugu wawili walisikia redio. Walikuwa na mashua ndogo, injini moja, na mafuta ya kwenda pale wanapokwenda siku zote. Siku hiyo hawakwenda pale. Walikwenda mbali zaidi kuwafuata samaki wangu. Upepo ukapanda kama nahodha alivyosema, mafuta yakaisha kwa kupambana na mawimbi, na wakalala baharini usiku mzima wakichota maji kwa kidumu kilichokatwa. Waliokotwa na wavuvi wenzao siku ya pili, mbali kusini ya walikotoka. Walikuwa hai, alhamdulillahi.

Baada ya siku chache baba yao alinijia kituoni. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye benchi ya wageni akiwa na kofia yake mkononi, akasema: "Binti yangu, ulisema bahari ni shwari. Uliiona wewe?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa sijaiona. Nilikuwa nimemwona mtu aliyeiona, siku iliyotangulia, akiwa juu ya mashua isiyofanana na yao hata kidogo.

Swali la mzee yule nimelibeba hadi kwenye kazi hii. Kila wiki napokea taarifa za samaki, na nyingi zimeandikwa kwa namna ileile niliyoandika mimi: "samaki tele", "bahari safi", na picha ya mtu anacheka. Taarifa ya namna hiyo humpendeza mgeni anayetafuta mashua ya kukodi. Lakini anayeisoma si mgeni peke yake. Anaisoma pia kijana wa Ngomeni mwenye injini ya kuazima.

Ndiyo maana nimejiwekea sharti, nanyi mnishike kwa hilo. Taarifa yoyote ya hali ya bahari na samaki itakayopita mkononi mwangu itajibu maswali matano. Habari hii ni ya siku gani na saa ngapi? Samaki walipatikana wapi, na umbali gani kutoka pwani? Upepo ulikuwaje wakati wa kutoka, na ulikuwaje wakati wa kurudi? Mashua ilikuwa ya aina gani na injini ngapi? Na waliotoka wakarudi mikono mitupu walikuwa wangapi? Swali la mwisho watu hawalipendi. Lakini siku ambayo mashua moja imepata na mashua tano zimekosa, si siku ya samaki tele. Ni siku ya bahati ya mtu mmoja.

Nawaomba manahodha mnisaidie. Hamhitaji kunitajia mahali penu pa siri. Niambieni upande na umbali, na mniambie upepo. Siri ya samaki ni yenu. Upepo ni wa wote.

SAMAKI ANAYEACHILIWA

Kuna manung'uniko ambayo nayasikia kila bandari, na leo nitayasema hadharani kwa sababu wenyewe mko hapa. Mvuvi wa mshipi husema: mgeni analipa fedha nyingi, anamchosha sulisuli, anapiga picha, kisha anamrudisha majini. Mimi nina watoto watano, nikimpata samaki yule namla. Nani kati yetu ana akili?

Wote wawili mnayo. Samaki yule ni kitoweo, na mvuvi wa riziki anayemleta bandarini hajafanya kosa. Sheria yetu ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016 inamtambua mvuvi mdogo, na inamtambua mvuvi wa burudani, kila mmoja kwa leseni yake. Lakini tuangalie pia anayebaki ufuoni. Sulisuli aliyeachiliwa akiwa na nguvu anaweza kukamatwa tena, na kila akikamatwa kuna nahodha aliyelipwa, kuna baharia, kuna aliyeuza chambo, kuna aliyejaza mafuta, na kuna mama aliyepika chakula cha mchana. Kwa hiyo tunachowaomba wenye mashua za wageni ni hivi: sulisuli na marlini warudisheni majini, na jodari na felusi mnaowaleta msiwaache waozee kwenye sanduku la barafu. Baharia apewe fungu lake, na wanaobaki wauzwe hapahapa ambapo mama karanga anaweza kuwanunua.

Kuachilia nako kuna ufundi. Ndoana ya duara hushika kwenye pembe ya mdomo na haizami tumboni. Samaki abaki majini. Kumpandisha juu ya mashua kwa ajili ya picha ni kumuua polepole. Akiwa amechoka, mshikeni mdomo kwa glavu na kumvuta taratibu ubavuni mwa mashua hadi maji yapite kwenye mashavu yake na arudishe rangi. Dakika chache hizo ndizo tofauti ya samaki aliyeachiliwa na samaki aliyetupwa.

Wengi wenu mnawatia alama samaki hawa kabla ya kuwaachilia, kazi inayoratibiwa kutoka hapahapa Watamu na African Billfish Foundation tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Alama ile ni kipande chembamba chenye namba, huchomekwa mgongoni. Kwa mvuvi wa jarife au wa mshipi: ukimpata samaki mwenye alama hiyo, usiitupe. Ipeleke ofisi ya BMU pamoja na tarehe, mahali na urefu wa samaki. Mashua ya mgeni ndiyo iliyoandika mwanzo wa safari ya samaki yule, na wewe ndiwe unayeandika mwisho wake. Habari hiyo haikamiliki bila ninyi wawili.

Na kuhusu jarife zenyewe: nyavu zinazotegwa usiku bila taa wala boya linaloonekana hukatwa na mapanga ya injini, na asubuhi huwa ni ugomvi. Mwenye wavu, weka taa. Nahodha wa mashua kubwa, ukiiona taa, zunguka. Ukiukata wavu wa mtu, usipitilize. Ripoti BMU siku hiyohiyo ili mkae mzungumze. Wavu ule ni injini yake, ni leseni yake, na ni karo ya mtoto wake.

Sitasahau hifadhi zetu. Mbuga za bahari za Watamu na Malindi zilitangazwa mwaka 1968, na ndani yake uvuvi wa aina yoyote hauruhusiwi. Mgeni asipojua, baharia wake anajua. Mwambieni mapema, kabla hajatupa mshipi.

KUTOKA NA KURUDI

Nimalizie kwa yale ambayo baba wa wale ndugu wawili angependa niyaseme.

Mafuta yagawanye mara tatu: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, na theluthi ya kile usichokijua. Kabla hujatoka, mwambie mtu wa ufuoni unakwenda upande gani na utarudi saa ngapi, na ukirudi mjulishe ili asikutafute bure. Jaketi la kuokoa maisha livaliwe. Likifungwa chini ya benchi halimwokoi mtu. Mwenye redio ya baharini aiweke chaneli 16, na asiifanye ya mazungumzo. Mwenye simu peke yake akumbuke kwamba mtandao humwacha mtu pale anapouhitaji zaidi. Utabiri wa Idara ya Hali ya Anga usomwe jioni na usomwe tena alfajiri. Na siku za bamvua, maji yakitoka kwa nguvu katika mlango wa Mida huku upepo ukisukuma mawimbi kuingia, subirini. Mlango huo umewaaibisha manahodha wenye miaka mingi kuliko umri wangu.

Uvuvi ni kazi iliyowekwa mikononi mwa kaunti na Katiba, katika Ratiba ya Nne. Walinzi wa Pwani, Idara ya Hali ya Anga na Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, ni vyombo vya serikali ya kitaifa. Mvuvi aliye katikati ya mawimbi hajali ni serikali ipi. Anachotaka ni habari ya kweli, ifike mapema, kwa lugha anayoielewa. Sehemu hiyo ndiyo yangu.

Kwa hivyo mkiisoma taarifa yangu mkaona haina saa, haina umbali, wala haina upepo, nipigieni simu mniulize lile swali. Sitakasirika. Nimeshaulizwa na mtu mwenye haki zaidi ya kuniuliza.

Leo asubuhi, kabla sijaja hapa, nilipita bandarini. Mashua nne zilikuwa zimerudi usiku. Mbili zilikuwa na jodari, moja ilikuwa na nguru wawili na kolekole, na moja haikuwa na kitu. Upepo ulikuwa mwepesi saa kumi na mbili, na nahodha wa mwisho kuingia alisema huko nje umeanza kushika. Mimi mwenyewe sikutoka. Hayo ni ya leo asubuhi, na ya kesho nitawaambia kesho.

 Mungu awalinde mkitoka, na awarudishe salama.